Msimu wa maigizo mtaani: ninavyoupanga kutoka Januari hadi Desemba

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu, na mwaka huu natimiza miaka tisa nikiwa msimamizi wa jukwaa katika kikundi chetu cha maigizo. Mwelekezi ndiye anayeamua mchezo uende vipi. Mimi ndiye ninayejua kikapu cha tukio la tatu kimewekwa wapi, nani bado yuko kwenye matatu, na taa izimwe baada ya neno gani. Kila mwaka tunatoa michezo mitatu: wa vichekesho, tamthilia nzito, na mchezo wa nyimbo. Wenzetu kutoka Busia, Kakamega na hata Nakuru hutuuliza tunawezaje kufika Desemba bila kusambaratika. Nayaandika hapa kama ninavyomweleza mtu akija dukani.

Kalenda kabla ya mchezo

Mwaka wetu wa kwanza tulichagua mchezo, ndipo tukautafutia tarehe. Tuliuweka Jumamosi, saa tisa alasiri. Asubuhi ile kijana aliyeigiza baba mwenye boma alipigiwa simu: shangazi yake anazikwa Siaya, mipango imebadilika, ni leo. Akaenda. Ningekuwa mimi ningeenda. Na watazamaji nao walikuwa wameenda, kila mmoja kwa msiba wake, Bondo, Ugenya, Vihiga. Tuliigiza mbele ya watu kumi na mmoja, mwelekezi akisoma mistari ya baba kutoka kwenye karatasi. Mchezo wenyewe ulikuwa mzuri, na waliougharimia jasho lao walilia nyuma ya pazia. Tangu siku hiyo naanza na kalenda ya watu tunaotaka waje, na mchezo unafuata.

Nachukua karatasi ya manila, nachora miezi kumi na miwili, kisha naanza kufuta.

Jumamosi za mchana nazifuta zote, kwa sababu kwetu magharibi Jumamosi ni siku ya kuzika. Ijumaa jioni inawafaa watu wa ofisi na wanafunzi wa vyuo, lakini jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na Waadventista ni wengi mjini mwetu na ni watazamaji waaminifu mno. Ndiyo maana kila mchezo wetu huwa na siku mbili: Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula. Onyesho la Ijumaa lazima liishe saa mbili na nusu. Mtu anayeishi Ahero au Maseno anaanza kuangalia saa mapema, na akishaanza kuangalia saa humpati tena.

Halafu mpira. Gor Mahia ikicheza Kisumu, usishindane nayo. Ikicheza na AFC Leopards, hata kama ni Nairobi, usishindane nayo. Ratiba ya ligi hubadilika, basi nimemkabidhi kazi hiyo mpiga ngoma wetu mmoja anayeipenda Gor kuliko chakula. Yeye hunipigia mara tu tarehe inaposogezwa.

Walimu ni karibu nusu ya waigizaji wetu. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lilianza 1959, na kwa kawaida fainali zake huangukia Aprili. Kuanzia Februari walimu wetu wanawafundisha watoto wao jioni, wakienda mashindano ya kaunti ndogo, ya kaunti, ya mkoa. Usimpe mwalimu wa drama mhusika mkuu miezi hiyo. Atakubali kwa mapenzi, kisha atachoka na kukuangusha bila kukusudia. Oktoba na Novemba ni mitihani, watoto wakubwa na wazazi wao hawatoki.

Machi hadi Mei ni masika. Hapa ziwani mvua hupenda kuja alasiri au jioni, na ngurumo zake, saa zile zile unazotaka watu watoke nyumbani. Januari ni karo. Hakuna mzazi utakayemuuzia tiketi Januari.

Ukishafuta hayo yote, karatasi inakuonyesha wewe mwenyewe mahali pa kuingia. Sisi tunaweka vichekesho mwishoni mwa Februari, watu wakiwa wamepata mshahara wa kwanza ambao haukuishia shuleni. Tamthilia nzito ni mwisho wa Juni, mvua zimepungua. Mchezo wa nyimbo ni wiki ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba, kabla watu hawajatawanyika kwenda vijijini kwa Krismasi. Tunaanza na vichekesho kwa sababu vinahitaji waigizaji wachache, maleba (mavazi ya jukwaani) machache, wiki chache za mazoezi, na vinaleta pesa ya kuanzia inayobeba tamthilia.

Tarehe zikishaandikwa, hazihamishwi. Tuliwahi kuhamisha moja kwa wiki mbili, na hadi leo kuna mama mmoja wa Manyatta ananikumbusha alivyokuja na watoto wake wanne akakuta mlango umefungwa.

Kuchagua michezo, na haki ya mwandishi

Chagueni kwa masikio. Sisi tunakaa kwenye duara Jumapili mbili za Novemba na kusoma kwa sauti, kila mtu mistari yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mchezo unaopendeza ukisomwa kimya unaweza kuwa mzito kama gogo ukitamkwa. Nikisikiliza nahesabu vitu vitatu: wahusika wangapi, wanawake wangapi kati yao, na jukwaa linabadilika mara ngapi. Kikundi chetu kina wanawake kumi na mmoja na wanaume wanane, ilhali maandishi mengi yamejaa wazee wa baraza, machifu na wanajeshi. Zamani tulikuwa tunawaweka akina dada wabebe mitungi nyuma. Wawili walituacha, na walikuwa na haki. Siku hizi tunauliza mapema: je, mhusika huyu lazima awe mwanaume? Mara nyingi jibu ni hapana, lakini kubadilisha ni jambo la kumwomba mwandishi.

Kuhusu haki, tafadhalini msifanye mzaha. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda tamthilia kwa maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Ina maana karibu kila tamthilia ya Kiswahili unayoijua bado ina mwenyewe. Mwandikieni mchapishaji barua, mtaje ukumbi, idadi ya maonyesho na bei ya tiketi, na mpeleke miezi mitatu kabla. Watu hufikiri tafsiri za zamani ni za bure. Shakespeare alifariki 1616, maneno yake hayana mwenyewe tena. Lakini Mwalimu Nyerere, aliyemtafsiri katika miaka ya 1960, alifariki 1999, na tafsiri hiyo ni kazi yake yenye ulinzi wake. Ukitaka Shakespeare bila kuomba mtu ruhusa, tafsirini wenyewe kutoka kwa asili.

Jambo moja lenye faida: kitabu cha kutahiniwa. Tamthilia iliyo kwenye mtaala ikikubaliwa na mwenye haki, mnaweza kuiigizia shule asubuhi, siku za wiki, kwa muhula wa pili. Mtoto wa kidato cha nne akiona mgogoro ukitokea mbele yake huhitaji kumkaririsha tena. Lakini igizeni kitabu kilivyo. Msiongeze vichekesho visivyomo, maana yule mtoto anaenda kujibu maswali kutoka kwa kitabu.

Ukumbi na mabati yake

Nakuru wana bahati, wana jengo lililojengwa kwa kazi hii, Nakuru Players Theatre. Sisi Kisumu tuna kumbi za jamii, pamoja na ile inayobeba jina la Mama Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni Kenya, mwaka 1969. Wengine mtakuwa na ukumbi wa kanisa au bwalo la shule. Popote pawapo, nendeni saa ile ile mtakayoigiza. Ukumbi unaoonekana mzuri saa nne asubuhi unaweza kuwa na jua linalopiga jukwaa usoni saa kumi, au bendi ya kwaya chumba cha pili. Simama jukwaani, mwambie mwenzako akae kiti cha mwisho, sema sentensi moja kwa sauti ya kawaida. Asipoisikia, mna kazi.

Chukueni risiti ya kukodisha yenye tarehe na saa za kuingia na kutoka. Mwaka mmoja, bwalo la shule fulani tuliloahidiwa kwa mdomo lilikuwa na harusi tulipofika na jukwaa letu kwenye mkokoteni. Peleka pia barua kituo cha polisi kilicho karibu na ofisi ya utamaduni ya kaunti, uulize kama kuna kibali au ada. Fanya hivyo mapema, ukiwa na nakala.

Mabati sasa. Mvua ikipiga paa la mabati, hakuna koo la binadamu litakaloishinda. Tulijaribu. Ilikuwa tukio ambapo mama anamkabili mwanawe aliyeuza shamba, mahali penye uzito kuliko pote, na mvua ikateremka kutoka upande wa milima ya Nandi. Wale wawili walipiga kelele dakika nzima hadi sauti zikapasuka, na ukumbi hauna habari wanasemezana nini. Kisha mpiga ngoma, bila kuambiwa na mtu, akaanza taratibu. Waigizaji wakasimama pale pale walipokuwa, bila kutoka kwenye wahusika wao, kikundi kikaimba wimbo wa maombolezo tuliokuwa nao tukio la mwisho. Mvua ilipopungua, mama akarudia mstari wake wa kwanza, na watu walikuwa kimya kabisa.

Tangu hapo kila mchezo wetu una wimbo wa mvua. Mwelekezi anachagua mahali pawili katika kila sehemu ambapo mchezo unaweza kusimama bila kuvunjika, na mimi napatia alama kwenye daftari kwa kalamu ya buluu. Nikiinua mkono, ngoma inaanza. Wimbo huo unafanyiwa mazoezi kama mstari mwingine wowote, na ndio huo huo unaotuokoa stima ikipotea. Kwa stima tuna pia taa nne za kuchaji zilizofungwa pembeni mwa jukwaa, zikiwashwa na mtu yule yule kila mara. Hapa kwetu karibu na ikweta giza halichelewi mwezi wowote. Saa moja usiku giza linaingia, Juni au Desemba.

Mazoezi ya tamthilia

Wiki sita, jioni tatu kwa wiki, muda wa saa mbili kila jioni. Wiki ya kwanza ni ya kusoma mezani na kuuliza maswali. Wiki ya pili na ya tatu ni mienendo: nani anaingia kwa mlango upi, anakaa lini, anampa nani mgongo. Mwisho wa wiki ya tatu karatasi zinawekwa chini. Nalisema mapema na nalisimamia: mtu ambaye bado ameshika karatasi wiki ya nne hawezi kushika jembe, wala mtoto, wala mkono wa mwenzake, na tukio lote linangoja mikono yake.

Chora jukwaa sakafuni. Nenda na futi ya kupimia, pima jukwaa halisi, kisha chora ukubwa huo kwa chaki mahali pa mazoezi, na milango yake. Tulifanya mazoezi uwanjani mwaka wa pili, tukafika ukumbini tukakuta wazee watano hawawezi kukaa kwenye baraza bila kugongana magoti.

Kila mhusika mkuu ana mwigizaji wa akiba. Huyu anajifunza mistari yote na mienendo yote, na tunampa onyesho moja la shule aliigize, ili asijione ni kiti cha ziada. Msiba ukitokea, na utatokea, yule mwenye msiba anaenda kuwazika watu wake kwa amani na mchezo unaendelea.

Na daftari. Nabandika kila ukurasa wa mchezo upande wa kulia, upande wa kushoto naandika ishara: TAA 4 kwa neno “nimekataa”; NGOMA 2 anapogusa mlango; MTUNGI nje kushoto. Naandika kwa penseli hadi wiki ya tano, kisha kwa kalamu. Daftari hilo likipotea mchezo unasimama, kwa hivyo kuna picha za kurasa zake zote kwenye simu ya dada wa taa.

Mchezo wa nyimbo

Huu ndio moyo wangu, na ndio unaovunja vikundi vingi.

Kwanza, hili la kuchukua mchezo mkubwa wa Broadway au London. Hiyo inatolewa kwa leseni na mashirika kama Music Theatre International au Concord Theatricals. Unalipa ada, unapata maandishi na noti, na huruhusiwi kubadilisha maneno wala kukata wimbo bila idhini. Sisi tulipiga hesabu, tukaona pesa hizo ni ngoma, kitambaa na nauli za mwaka mzima, tukatunga wetu. Na ukitunga wako huku kwetu huna shida ya muziki. Kuna orutu yenye uzi mmoja unaolia kama mtu. Kuna nyatiti yenye nyuzi nane. Kuna ngoma za ohangla. Waisukha na Waidakho wa Kakamega wana isukuti, ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na UNESCO iliiweka dansi ya isukuti mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wabukusu wana litungu, nayo ala ya nyuzi. Ukiwa na mzee mmoja anayezijua, na ukimheshimu, una okestra.

Kumheshimu ni pamoja na kumpangia kazi. Mzee wetu wa nyatiti hukaza nyuzi zake zifuate sauti yake mwenyewe. Mwaka wa kwanza tulimleta wiki ya mwisho, tukakuta binti anayeimba wimbo mkuu yuko juu sana au chini sana, na hakuna aliyekuwa na kosa. Sasa mzee anakuja siku ya kwanza kabisa, anakaa na binti, wanatafuta mahali pao wawili, ndipo wimbo unafundishwa wengine. Isukuti nayo ina nguvu. Ndani ya ukumbi inameza maneno yote. Tunaipa nafasi yake ambapo hakuna anayezungumza wala kuimba peke yake, na tunaiweka pembeni nyuma ya pazia zito.

Wiki kumi. Tatu za kwanza ni nyimbo tu, watu wameketi, hadi kila mtu ajue sauti yake hata akiamshwa usiku. Mbili za ngoma na hatua, bila kuimba. Mbili za mazungumzo. Ya nane tunaunganisha, na hapo usivunjike moyo, maana kila mtu atasahau kila kitu kwa siku nne au tano. Anayeimba akicheza pumzi inamkimbia. Tunawafanya waimbe wakipanda ngazi za jengo la ghorofa tatu tunalofanyia mazoezi, polepole, kila jioni, na ifikapo wiki ya tisa wanaimba kama wamesimama. Ya tisa ni ala zote. Ya kumi ni maleba na taa.

Maleba ni kazi yangu, niruhusuni nikae hapa kidogo. Mpime mchezaji akiwa ameinua mikono, halafu akiwa amechuchumaa. Gauni lililokaa vizuri mtu akiwa wima hupasuka kwapani wimbo wa pili. Kitenge kipya kifue kabla ya kukata, kikiloa kinapungua. Weka pindo kubwa ndani ili mwakani limwingie mtu mwingine. Anayebadilisha nguo kati ya matukio mshonee vifungo vya kubonyeza badala ya zipu. Zipu hugoma pale unapoharakisha, gizani, na jasho mikononi. Mbele ya pazia jeusi usimvalishe mtu nyeusi, kichwa kitaelea peke yake. Nyeupe kupita kiasi nayo inaumiza macho chini ya taa. Ichovye kwenye maji ya chai, itatulia. Vitu vingine nanunua mitumba Kibuye siku ya Jumapili asubuhi: makoti ya wazungu wa ukoloni, viatu vya askari, sketi zenye kitambaa kingi cha kushonea upya. Kila vazi lina kipande cha kitambaa ndani chenye jina la mhusika na namba ya tukio.

Vichekesho

Wiki nne zinatosha, lakini msidanganyike kwamba ni rahisi. Mistari ya vichekesho ikariri neno kwa neno, maana neno moja likihama, kicheko kinakufa. Fundisheni waigizaji kungoja. Watu wakicheka, simama, endelea kuwa mhusika, subiri kicheko kianze kushuka, ndipo useme mstari unaofuata. Anayesema juu ya kicheko anauzika mstari wake mwenyewe, na mara nyingi huo ndio uliobeba habari ya mchezo. Wiki ya tatu tunawaalika watu ishirini, majirani na mama mboga wa pale nje, na mimi naweka alama kila wanapocheka. Mahali tulipotarajia wacheke wasicheke mara mbili, panakatwa, hata kama mwandishi anapapenda.

Sasa jambo la lafudhi na makabila. Wakenya tumelelewa na vichekesho vya lafudhi. Benson Wanjau, mwigizaji wa runinga tuliyempenda kama Mzee Ojwang’ hadi alipofariki 2015, aliigiza Mjaluo na yeye mwenyewe hakuwa Mjaluo, na Kisumu ilimkumbatia. Nimefikiria sana kwa nini. Naona ni kwa sababu mhusika wake alikuwa mtu kamili: mume, baba, jirani mwenye tamaa na aibu zake. Kabila halikuwa ndilo kosa lake. Mji huu uliumia katika ghasia za baada ya uchaguzi, mwaka 2007 na 2008. Nilikuwa hapa, niliona maduka ya majirani zangu yakiteketea, na wengine hawakurudi. Kwa hivyo kwenye kikundi chetu hakuna mzaha ambao mzigo wake ni kwamba kabila fulani ni wezi, au wavivu, au wachawi. Hakuna pia wa kumcheka mtu kwa ulemavu. Mchekeni mwenye cheo, mwenye kiburi, anayejifanya anajua. Hao hawana mwisho, na wako kila kabila.

Lugha ichanganyeni kama watu wanavyochanganya: Kiswahili ndicho uti wa mgongo, Kidholuo kidogo, Kiluhya kidogo, Sheng’ ya vijana. Ila sentensi inayobeba habari ya mchezo iwe Kiswahili, ili mgeni wa kutoka Kisii au Mombasa asiachwe nyuma.

Pesa

Nitafupisha, kwa kuwa kanuni ni moja: hesabu kana kwamba theluthi moja ya viti ndiyo itauzwa. Tuseme ukumbi una viti 200, maonyesho mawili, tiketi shilingi 200. Theluthi ya viti 400 ni kama 133, sawa na shilingi 26,600. Ukumbi, mbao, kitambaa, mabango, nauli na ada ya mwandishi vyote viingie humo. Visipoingia, punguza mbao kwanza, nauli za waigizaji mwisho. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Nyalenda kuja mazoezini usiku ndiye anayebeba mchezo.

Tiketi ya msimu, michezo mitatu kwa bei ya miwili, tunaiuza mlangoni watu wakitoka kwenye vichekesho vya Februari, nyuso zao zikiwa bado na furaha. Chama cha akina mama kikinunua kumi, mwenyekiti wao anaingia bure. Malipo yaingie kwenye till ya M-Pesa ya kikundi, kamwe si simu ya mtu. Mwaka wa tatu yaliingia kwenye simu ya mmoja wetu, mtu mwaminifu, na bado maneno yalizuka, na urafiki ule haujapona. Wawili wahesabu, wa tatu aandike, mgao ukubaliwe na kutiwa sahihi kabla ya mazoezi ya kwanza.

Usiku wa mwisho

Onyesho la mwisho la Desemba likiisha, watu hutaka kukumbatiana na kuondoka. Waache wakumbatiane. Kisha funga mlango, waombe nusu saa. Nguo zote zinaingia kwenye magunia mawili, la kufua na la kushona, na mimi nazikagua moja moja kabla hazijatoka ukumbini. Vifaa vya kuazima vinarudi kwa wenyewe kesho yake asubuhi, chungu cha watu kikiwa kimesuguliwa. Kila mtu anataja jambo moja lililomtatiza mwaka huu, mimi naandika bila kujibu. Halafu natandika karatasi mpya ya manila sakafuni, na kabla hawajavaa viatu vyao, kila mmoja ananiambia siku ambazo mwakani hatakuwepo: mtihani, harusi ya dada, mtoto anayetarajiwa Juni. Nazifuta hapo hapo wote wakiona.